Vali Tatu za Mlima Chungu

Nyambizi ya uokoaji iligeuza njia asubuhi, jua likiwa bado changa, na mtu wa kwanza kuzipata habari hizo alikuwa Somoe Nampunju, mwanajiolojia. Alikuwa peke yake katika chumba cha mawasiliano cha Jukwaa, kile kisiwa cha chuma kilichoelea juu ya bonde la bahari, mbali na pwani kiasi kwamba ukitazama upande wowote huoni ila maji. Kapteni wa nyambizi hakuzungusha maneno.

"Maji ya juu ya mlima yamejaa mapovu," alisema. "Gesi inatoka katika kila ufa. Maji ya namna hii hayabebi chombo, dada. Nimejaribu kusogea, nikaanza kuzama kama jiwe. Nikajaribu upande wa pili, ikawa vilevile. Nina watu wangu humu, pamoja na hiyo zamu mpya mliyonikabidhi. Siwezi kuwaua hawa ili niwafikie wale. Narudi."

Somoe alimwita, akamwita tena. Kapteni hakuitika.

Chini ya miguu yake, zaidi ya kilomita tatu za maji meusi, watu watatu walikuwa wakiisubiri nyambizi hiyo. Wa kwanza alikuwa Likapa, msimamizi wa kituo cha chini, mume wa dada yake Somoe aitwaye Sinahamu. Wa pili alikuwa Mwanahija, mchoronga miamba, shoga yake Somoe tangu chuoni. Huko walilala chumba kimoja, wakavaliana khanga, wakafeli mtihani mmoja wa hesabu na kulia pamoja. Wa tatu alikuwa Chande, fundi wa umeme, kijana wa watu aliyekuwa bado hajazoea hata hewa ya huko.

Mkurugenzi Ngwali alimkuta Somoe bado ameshika visikizio mkononi. Alikuwa mtu wa Pemba, mpole, ambaye hata akigombeza hupunguza sauti badala ya kuipandisha. Somoe akamweleza. Mzee yule akakaa kwenye kiti, akafuta uso kwa kiganja.

"Umeshawaambia?"

"Bado."

"Usiwaambie."

Somoe alidhani hakusikia vizuri. "Mkurugenzi, wanasubiri zamu mpya. Wanajua inakuja kuwapokea."

"Ndiyo maana wanaendelea kufanya kazi," Ngwali alisema. "Somoe, mwanangu, nisikilize. Wakijua hakuna anayekuja, watapanda kwenye yai la kujiokolea. Mimi ningepanda. Wewe ungepanda. Na wakipanda, vali za gesi zitaziba, na ubavu wa mlima utaporomoka huku barabara za pwani zimejaa watu. Nipe mpaka jioni. Jioni watu watakuwa wamefika juu, Newala huko, bahari isikoweza kuwafuata."

"Na hao watatu jioni watakuwa wapi?"

Ngwali aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama ameupa chumba mgongo. "Mtu mwenye tumaini," alisema, "mkono wake hautetemeki. Waachie hilo, angalau."

* * *

Waliouvumbua mlima ule waliuita Chungu, kwa kuwa kilele chake kilikuwa na mdomo mpana na tumbo lake lilichemka. Ulisimama juu ya sakafu ya bonde, umejengwa kwa lava iliyotoka moto na kukutana na maji baridi, ikaganda mafundo mafundo kama mito ya kulalia, tabaka juu ya tabaka. Ubavu wake wa magharibi ulikuwa umelaliwa na mashapo mazito, tope laini lililoletwa na mito ya bara tangu kabla ya binadamu. Kwa muda wote huo Chungu kilipumua. Kikijaa, kilitema kidogo kupitia nyufa zake, kikatulia.

Kisha mito ya bara ikakauka na mabwawa ya umeme yakabaki vidimbwi vya kunyweshea mbuzi. Watu wakashuka bondeni, wakachoronga visima katika paa la mlima, wakavuta joto lake. Pwani yote ikawaka taa. Mashine za kusafisha maji ya chumvi zikanguruma usiku na mchana, watoto wakanywa. Hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba kuvuta joto ni kupoza. Paa la mlima likapoa mwaka hadi mwaka, nyufa zikaziba, Chungu kikapata kifuniko. Magma, ule mwamba ulioyeyuka, haikuambiwa isimame. Iliendelea kupanda kutoka chini, na gesi yake ikakosa pa kutokea. Somoe alikuwa ameandika hayo katika ripoti zake, na wakubwa wakamshukuru kwa ripoti nzuri.

Sasa ubavu wa magharibi ulikuwa ukivimba. Ukiporomoka, ungeisukuma bahari yote iliyo mbele yake, na maji yale yangetua Mikindani, Mtwara na Lindi.

Kilichozuia ni vali tatu za upande wa kaskazini, kila moja na mdomo wa kuingia mtu mzima. Zilikuwa zikitoa gesi na maji ya moto kidogo kidogo, shinikizo likipungua ndani ya mlima. Lakini maji yale yalibeba madini yaliyoyeyuka, na vali ikitulia tu, madini huganda mdomoni kama ukoko kwenye sufuria, ikaziba. Ilibidi lango la vali lisukumwe mbele na nyuma, bila kupumzika. Zamani mashine zilifanya hivyo. Matetemeko ya juzi yalifungua nyufa ndogo kileleni, zisizotosha, na kukata nyaya za mashine, na sasa kila vali ilikuwa na mtu wake, mtaimbo wake, na jasho lake.

* * *

"Jukwaa, Jukwaa," sauti ya Likapa ilitoka kwenye spika ikiambatana na kishindo cha chuma. "Shemeji, upo au umekwenda kunywa chai?"

"Nipo, shemeji."

"Hiyo nyambizi imefika wapi? Huyu Chande ameanza kuimba nyimbo za kanisani. Mwanahija anasema akiimba ubeti mwingine atamtia ndani ya kisima."

Nyuma yake Mwanahija alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Somoe aliutazama mlango. Ngwali alikuwa amesimama pale pale.

"Inakuja," Somoe alisema. "Mapovu yameichelewesha. Inazunguka upande wa kaskazini."

"Haya. Waambie waje na maji ya kunywa, yetu yamekuwa ya kuogea. Humu ndani ni tanuri."

"Nitawaambia."

Alikizima kipaza sauti. Ngwali akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeitikia msibani, akaondoka.

Asubuhi yote ikaenda hivyo. Likapa aliuliza, Somoe akajibu. Kila jibu lilihitaji jibu jingine la kulishikilia, na kabla ya adhuhuri nyambizi isiyokuwepo ilikuwa tayari na hitilafu ya taa, rubani mwenye homa, na njia mpya iliyopita nyuma ya mlima. Mwanahija, ambaye si mtu wa kudanganywa kirahisi, aliuliza mara moja tu, "Shoga, sauti yako imekuwaje?" Somoe akasema ni mafua.

Simu ya pwani ililia. Ilikuwa Sinahamu. Nyuma yake kulisikika honi, vilio vya watoto, na mtu akitangaza kwa kipaza sauti kwamba magari yasisimame.

"Tumekwama kwenye mteremko," Sinahamu alisema. "Watu wanaacha magari, wanapanda kwa miguu. Nimembeba Pili mgongoni. Somoe, baba yake yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Chini?"

"Chini. Watabadilishwa zamu."

"Niapie."

Somoe alifumba macho. "Dada, panda. Usisimame hapo, panda," alisema, na simu ikakatika yenyewe, maana minara ilikuwa imeelemewa na watu waliokuwa wakitafutana.

* * *

Alasiri, kipimajoto cha mlango wa kaskazini kilianza kupanda.

Pale ndipo yai liliponing'inia. Lilikuwa chombo kidogo cha duara, chenye viti vitatu, kilichowekwa kwa ajili ya siku ya mwisho. Kilishikwa na pete za mpira mzito. Ukivuta mkono wa ndani, pete huachia na yai hupanda lenyewe mpaka juu. Lakini mpira ule maji yakiwa ya moto sana huvimba, na ukishavimba hauachii tena. Somoe alijua kiwango. Alikuwa ameuona mpira huo ukipimwa kwenye maabara, ameshika kipande chake mkononi. Aliutazama mstari mwekundu ukipanda kwenye kioo, akatazama saa, akatazama picha ya barabara za pwani. Magari yalikuwa yamejaa vile vile.

Akaenda kwa Ngwali mbio.

"Maji ya mlangoni yanachemka. Muda si mrefu yai halitatoka. Wakikosa hilo hawana kingine."

Ngwali alikuwa akiongea na watu wa serikali kwa simu mbili. Aliziweka zote chini. "Watu bado wako njiani," alisema.

"Najua."

"Basi unajua jibu."

"Wale ni watu, Mkurugenzi. Hatukuwaomba. Tumewatumia kama mitaimbo."

"Na ukiwaomba wakakataa?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. "Utaniambia nini? Utakwenda Mtwara kumwambia nani, kwamba uliwapa watu watatu nafasi ya kuchagua kwa niaba yake?"

Somoe hakuwa na jibu. Hata baadaye, miaka mingi baadaye, alipoulizwa swali hilo na watu waliokaa kwenye viti vizuri, hakuwa nalo. Alirudi chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akawasha kipaza sauti.

"Likapa. Mwanahija. Chande. Nisikilizeni, na msiache kusukuma."

"Tunasikia, shemeji."

"Nyambizi haiji. Iligeuka. Mapovu yameizuia na hakuna nyingine. Maji ya mlangoni yanapanda moto, na pete za yai zitavimba muda si mrefu. Mkitaka kutoka, ni sasa. Mkitoka, vali zitaziba, na ubavu unaweza kuporomoka, na barabara za pwani bado zina watu. Siwaamrishi lolote. Nimewaambia ili mjue."

Kwa kitambo kulisikika chuma tu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kisha kishindo kimoja kati ya vitatu kikakoma.

"Chande!" Mwanahija alipiga ukelele. "Chande, rudi!"

Nyayo zilisikika zikikimbia. Kwenye kioo cha Somoe, mstari wa vali ya tatu ulishuka mpaka chini na kulala. Imeziba. Mstari wa shinikizo ukaruka juu. Ngwali alikuwa akiupiga mlango kwa ngumi, na Somoe alimsikia kama mtu aliye nyumba ya jirani, kwa sababu wakati huohuo kipande cha ubavu wa magharibi kiliachia. Hakikuwa ubavu wote. Kilikuwa kipande tu, lakini Jukwaa zima lilipanda na kushuka, na vikombe vikatembea juu ya meza.

Alifungua mlango. Ngwali aliangalia kioo, kisha akamwangalia yeye.

"Umeona?" alisema. Akakimbilia simu zake kuionya pwani.

* * *

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Likapa, na haikuwa na hasira. "Barabara zinahitaji muda gani?"

"Mpaka jioni."

"Sisi jioni hatufiki. Mikono imekwisha." Alihema. "Mwanahija anasema kitu. Ngoja aseme mwenyewe."

"Tung'oe malango," Mwanahija alisema. "Vali zinaziba kwa sababu ya lango, madini yanaganda pale linapokaa. Tukilikata lango lote kwa gesi ya kukatia chuma, linabaki tundu tupu. Tundu pana namna ile haliwezi kuziba leo wala kesho. Halihitaji mtu."

Somoe alishika ukingo wa meza. Aliipima hesabu ile kichwani, upana wa mdomo, kasi ya maji, unene wa ukoko. Ilikubali. "Lakini mvuke utaingia ukumbini mnamofanyia kazi," alisema. "Kituo kitakufa. Visima vyote."

"Kituo!" Mwanahija alisema. "Shoga, tangu jana tunakilinda hiki kituo kama mboni ya jicho, tukisema wenzetu wa zamu wanakuja, wasikute tumewabomolea nyumba. Kama hakuna anayekuja, tunamlindia nani?"

Wakaanza. Somoe hakuweza kuona, alisikia tu. Alisikia gesi ikiwaka, chuma kikilia, Likapa akihesabu kwa Kimakonde kama alivyozoea akiwa na kazi nzito. Lango la kwanza lilianguka kwa mshindo, na mvuke ukapiga kelele kama garimoshi. Mstari wa vali ya kwanza ukapanda, ukatulia juu. La pili likafuata, lakini safari hii Mwanahija alipiga yowe, na yowe lile halikwisha upesi.

"Mikono," Likapa alisema. "Mvuke umempiga mikono. Shemeji, yai bado lipo?"

Somoe alitazama picha ya kamera ya yai, kamera pekee iliyokuwa bado hai huko chini. Mlango wa yai ulikuwa wazi na mtu mmoja alikuwa ndani, amekaa. Chande hakuwa ameondoka. Alikuwa amefika, akaketi, akashika mkono wa kuachilia, na hakuuvuta.

"Chande," Somoe alisema, "unanisikia?"

"Nimewaacha," Chande alisema, akilia. "Nimewaacha, na kuondoka siwezi."

"Basi toka ukamchukue Mwanahija. Ameungua. Nenda."

Akaenda. Somoe alimsikia akirudi, miguu ya watu wawili ikiburutika. Mstari mwekundu wa mlangoni ulikuwa umebakiza upana wa ukucha kufikia kiwango.

"Likapa, na wewe. Panda. Vali mbili zinatosha kupunguza."

"Zinatosha?"

Somoe alikuwa amedanganya tangu asubuhi, na sasa neno moja la uongo lingemwokoa mume wa dada yake. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Hazitoshi," alisema.

"Nilijua. Hukuchelewa kujibu bure." Alikohoa. "Chande, funga mlango. Usinitazame hivyo, kijana, funga. Ukikaa tena pete zitavimba na tutakufa wote kwa adabu. Funga!"

Mlango ukafungwa, na pete zikaachia. Nukta ndogo ya yai ikajitenga na mlima kwenye kioo, ikaanza kupanda, ikiyumba ndani ya mapovu.

"Shemeji," Likapa alisema, "niunganishe na Sinahamu."

Somoe alijaribu, akajaribu tena kwa laini ya Ngwali, na kwa laini ya serikali. Kila mahali ilikuwa sauti ileile ya mashine ikimwomba apige baadaye.

"Haipatikani," alisema. Sauti ilimkatika.

"Haya. Usilie, nina kazi." Gesi iliwaka tena. Alikata kwa muda mrefu, akinung'unika na chuma, akikitukana matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya shemeji yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Linaachia."

Mstari wa tatu ukapanda. Spika ikatoa mngurumo mmoja, na baada ya hapo haikutoa kitu.

* * *

Ubavu wa magharibi haukuporomoka. Shinikizo lilishuka jioni yote, na usiku taa za pwani zikazimika kuanzia Kilwa hadi mdomo wa mto Ruvuma. Wimbi la kile kipande kilichoanguka lilikuwa limeshafika. Halikuwa lile lililoogopwa, lakini liliingia mitaa ya chini ya Mikindani na kuwakuta watu waliokuwa wamerudi kuchukua magodoro na sufuria. Mkurugenzi Ngwali aliletewa majina. Aliyasoma yote akiwa amesimama.

Yai liliopolewa jua likizama. Chande alitolewa kwanza, hawezi kusimama. Mwanahija alitoka akitembea, mikono imefungwa shati la Chande, uso umevimba. Somoe alimkimbilia, akataka kumkumbatia, Mwanahija akarudi nyuma hatua moja.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Shoga, kwanza mikono yako..."

"Nyambizi. Ulijua lini kwamba haiji?"

Somoe aliitazama ile mikono. "Asubuhi."

Midomo ya Mwanahija ilitembea kama ya mtu anayepiga hesabu, na Somoe alijua ni hesabu gani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshaimaliza.

"Asubuhi tulikuwa na nguvu," Mwanahija alisema hatimaye. "Maji ya mlangoni yalikuwa baridi. Tungeng'oa yote matatu, tukapanda wote. Hata Chande asingekimbia, maana kusingekuwa na cha kukimbia." Machozi yalimtoka, hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Mlikaa huku juu mkapima kama tutavumilia kuambiwa. Hamkutuuliza kama tuna wazo."

Daktari akamchukua.

Simu ya pwani ikalia. Minara ilikuwa imepata nafasi. Ngwali aliangalia jina kwenye kioo, akamwangalia Somoe, na uso wake ulikuwa wa mzee sana.

"Niachie mimi," alisema. "Nitamweleza taratibu. Nitamwambia juhudi zote zilifanyika. Hana haja ya kujua mengine, mwanangu. Hayatamrudisha."

Somoe akaichukua simu mkononi mwake.

"Somoe?" Sinahamu alisema. Kulikuwa na upepo pale alipokuwa, na mtoto akiuliza jambo. "Tumefika juu. Tuko salama, mimi na Pili. Zamu ilibadilishwa?"

"Dada," Somoe alisema, "mpe mtu Pili akushikie, halafu ukae chini. Likapa amefariki. Hakukuwa na zamu, na mimi nilijua tangu asubuhi."